Maziwa ya Meno

Mdogo wangu watu walimwita Meno, na si kwamba alikuwa na meno mazuri, hapana. Aliitwa hivyo kwa sababu meno yake yalikuwa mkono wake wa tatu. Alikuwa fundi wa rejeta. Gari likichemka na kutoa mvuke barabarani, rejeta ikionekana imetoboka, inafunguliwa na kupelekwa kwake, kwenye kibanda cha mabati kisicho na dirisha nyuma ya gereji. Mkono wa kulia kashika bomba la moto, wa kushoto kashika rejeta, sasa ile fimbo ya risasi ya kulehemu ataishika na nini? Anaibana kwa meno. Anainama, ncha inaingia kwenye moto, risasi inayeyuka na kudondoka juu ya tundu, kazi imekwisha. Mafundi wenzake walijaribu mtindo huo wakaunguza nyusi. Yeye hakuungua hata siku moja, na sifa hiyo ilimvimbisha kichwa.

Mimi ni dada yake mkubwa. Wazazi wetu waliondoka mapema, kwa hiyo huyo mtu nimemwogesha, nimemchapa, nimempeleka shule akitoroka nimemrudisha kwa sikio. Alipooa tuliishi ua mmoja: wao vyumba viwili vya nyuma, mimi chumba kimoja na ukumbi wa mbele nilioufanya saluni. Kazi yangu ni kusuka. Msusi mkono unasuka, sikio linasikiliza, mdomo haufungwi. Sijazaa, na sitaki pole ya mtu.

Basi huyo Meno alikuwa na mstari mweusi kwenye fizi, mwembamba, umefuata meno kama pindo la shuka. Wateja wangu walimcheka. "Shemeji, leo wanja umepaka mdomoni?" Naye anacheka hadi mstari wote uonekane. Sisi sote tulicheka, jamani. Hakuna aliyejiuliza kwa nini binadamu awe na wanja kwenye fizi.

Tumbo nalo lilimsumbua. Lilimkata hadi anajikunja kama mtoto. Chooni alikwenda mara chache kuliko anavyokwenda harusini. Mkono wa kulia ukaanza kulegea kwenye kifundo, kikombe kinamponyoka, sahani inamponyoka, kisha anaitukana sahani. Zamani alikuwa mtu wa utani, siku hizi ukimwambia "habari za kazi" anakutazama kama umemkanyaga. Nikamwambia aende hospitali. Akasema ni uchovu tu.

"Na hiyo fimbo itoe mdomoni," nikasema. "Chuma si muwa."

"Dada, nimeshaizoea. Yenyewe imenizoea na mimi nimeizoea. Tumekuwa ndugu."

"Ndugu gani anayekukata tumbo?"

"Kwani wewe hunikati?" akajibu. Mke wake akaangua kicheko, na mazungumzo yakaishia hapo. Utani huu ndio uliotumaliza, nawaambieni. Kila nikikaribia kuuliza jambo la maana, mtu ananichekesha.

Halafu kulikuwa na habari ya maziwa. Pale gereji wana imani moja, na imani hiyo imeshika mizizi kuliko dini: anayeshika risasi, anayepuliza rangi, anayefungua betri, lazima anywe maziwa kila siku. Maziwa yanaosha. Sumu ikiingia kifuani, maziwa yanaizoa na kuishusha chini. Nani kasema? Fundi mkuu aliambiwa na fundi aliyemfundisha, na huyo aliyemfundisha amekwisha kuzikwa, tena hakuzikwa mzee. Tajiri mwenye gereji aliipenda sana imani hiyo. Hakuwawekea dirisha, hakuwapa glavu, lakini maziwa hayakukosekana hata siku moja, na kila fundi alipata fungu lake.

Meno alichukulia fungu lake kwenye jagi la bati. Lilikuwa jagi letu la nyumbani, la tangu enzi za mama, na kitako chake kilikuwa kimeoza kikavuja. Mke wake alitaka kulitupa. Yeye akasema jagi la mama halitupwi na mwanawe ni fundi. Akaenda nalo kazini, akalisugua, akaliyeyushia risasi ndani, kitako chote, hadi pembeni kidogo. Aliporudi nalo aliligeuza juani tuone. Lilikuwa linang'aa ndani utadhani limetoka dukani. Halikuvuja tena.

Sasa nimseme mtoto.

Walikuwa na binti mmoja, na sisi tulimwita Kasuku. Mama yake alifanya kazi ya kufua na kupiga pasi kwa dobi mkubwa wa mjini, akiondoka alfajiri, kwa hiyo mtoto alishinda kwangu saluni. Alianza kusema mapema na hakunyamaza. Kila nilichosema yeye alikishika. Siku moja mama mmoja mnene, mteja wangu wa heshima, kakaa kitini, Kasuku akamsogelea akamwambia kwa adabu zote, "Shangazi anasema nywele zako za mbele zimehama." Ardhi ipasuke nijifiche! Yule mama alicheka hadi machozi, lakini mimi jasho lilinitoka. Siku nyingine alimwambia mwenye nyumba kwamba sisi hatupo, naye amesimama katikati ya mlango, mimi nipo nyuma yake nimeshika kitana. Nilimpenda yule mtoto, jamani. Wanasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Sijui. Mimi nilikuwa naujua kabla haujafika.

Jioni baba yake akirudi, Kasuku alikuwa anamsikia tangu kwenye kona. Anachomoka, anapita katikati ya miguu ya wateja, anajitupa kifuani pake. Ovaroli la Meno lilikuwa limekauka kwa vumbi la kazi, ukilisimamisha linasimama. Mtoto anazika uso mle, anatafuna ukosi.

"Oga kwanza, baba Kasuku!" mke wake anapiga kelele.

"Mtoto hawezi kungoja."

"Basi hata mikono!"

"Mke wangu, mikono hii ndiyo inayomlisha."

Na kweli ilimlisha. Hakuwa anamaliza maziwa yake. Alikunywa nusu mchana, nusu akamrudishia binti yake ndani ya lile jagi, yakiwa yameshinda juu ya meza ya kazi kwenye joto la moto hadi yameanza kuchachuka. Kasuku aliyapenda kupita kiasi. Mimi nikimpa maziwa fresh kwenye kikombe, anageuza uso. "Nataka ya baba." Baba yake alikuwa akilisikia hilo anavimba kwa furaha. Anakaa kwenye kizingiti, mtoto kampakata, jagi kalishika kwa mkono ule mzima, anamnywesha taratibu asipaliwe. Watu wakipita wanasema, huyo ndiye baba. Mimi mwenyewe nilisema.

Mtoto alianza kukataa chakula. Tukasema meno ya nyuma yanaota. Kisha tumbo. Kisha akawa hachezi, anakaa chini ya meza ya vioo kajishika magoti, macho mazito. Wateja wakauliza, "Kasuku wetu leo kanuna?" Mama yake akampeleka zahanati wakampa dawa ya minyoo. Jirani akasema mtoto huyu alikuwa anasemwa sana na midomo ya watu, ameharibiwa na sifa. Kila mtu alikuwa na lake.

Lakini siku iliyonitia hofu ni hii. Nilimwambia aniletee beseni. Beseni, kitu alichokijua tangu anatambaa. Akasimama mbele yake akalitazama. "Shangazi, hiki…" akasema. "Hiki… hiki…" Neno halikuja. Akajipiga kichwani kwa kiganja, tena akajipiga, kama anagonga mlango wa mtu aliyelala. Nilidondosha kitana. Nikamkumbatia nikamwambia beseni, mwanangu, linaitwa beseni. Akanitazama mdomo. Hakulirudia, yeye ambaye alikuwa anarudia hata nisiyoyasema.

Nikamwambia baba yake jioni ile ile. Nikaona ameumia. Akasema, "Ananyong'onyea kwa sababu hali. Nitamwongezea maziwa."

Na akamwongezea. Tangu siku hiyo hakunywa tena fungu lake, hata tone. Lote alimletea mtoto. Fundi mkuu alimwonya kwamba atajimaliza, risasi itamjaa asipojiosha, naye akajibu afadhali imjae yeye. Alisema maneno hayo kwa moyo mweupe kabisa. Nikiyakumbuka nataka kupiga mtu.

Degedege lilimkuta pale pale saluni, mchana kweupe. Nilikuwa nimefika katikati ya kichwa cha mteja. Nikasikia kisigino kinagonga sakafu, nikageuka, mtoto kakakamaa, macho yamepanda, povu. Yule mteja alinisaidia kumbeba hadi barabarani, kasukwa upande mmoja, upande mwingine nywele zimesimama, na hakuna aliyecheka. Hospitali walimpokea mikononi mwangu wakakimbia naye. Mama yake alifika na sabuni bado ipo kwenye viwiko. Meno alifika na ovaroli lake.

Walimchunguza malaria, hakuna. Wakachunguza homa ya uti wa mgongo, hakuna. Degedege likarudi, likatulizwa, likarudi. Sisi watatu tumekaa kwenye benchi la korido. Tumbo la Meno likamkata papo hapo, akateleza kutoka kwenye benchi hadi chini. Nesi mmoja, mwanamke wa makamo, akaja kumwinua. Akaona mkono ule uliolegea unavyoning'inia. Akamtazama usoni, akamwambia, "Baba, hebu fungua mdomo." Akaufungua. Nesi akauvuta mdomo wa chini kwa kidole, akautazama ule mstari wetu wa kuchekea. Hakucheka. Akaenda kumwita daktari.

Walimtoa damu baba, wakamtoa damu na mtoto. Majibu yalipokuja daktari alituita chumbani kwake. Alikuwa kijana, mpole, na nadhani hakujua aanzie wapi. Akasema, "Tumekuta risasi kwenye damu ya mtoto. Nyingi sana."

Nilisimama. "Risasi? Nani kampiga mtoto wetu risasi? Lini? Mimi ninashinda naye! Tundu liko wapi?"

Nilikuwa napiga kelele hadi mlango ukafunguliwa. Wifi yangu alikuwa ameshaanza kulia kilio cha msiba. Daktari akanyanyua mikono yote miwili, "Hapana, mama, hapana, kaa," na kabla hajaeleza, Meno akasema kwa sauti ndogo sana, "Dada, si hiyo. Ni ya kwangu."

Yeye alielewa kwanza. Risasi ni jina moja, ya bunduki na ya kulehemu, na katika chumba kile ni mtu mmoja tu aliyekuwa ameishika kwa meno maisha yake yote. Daktari akatueleza: madini yale ni sumu, yanaingia kwa mdomo na kwa moshi, mtu mzima yanamla taratibu, lakini mtoto mdogo yanamwendea kichwani. Akauliza juu ya nguo za kazi, juu ya mikono, juu ya mahali mtoto anapolala. Meno alijibu kila swali kama mtu anayejibu polisi. Halafu akasema, "Lakini daktari, sisi tunakunywa maziwa."

"Maziwa hayaoshi risasi, baba."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Mtu akinywa, sawa, mwili unapata nguvu. Lakini kuosha, hapana." Kisha akakunja uso. "Ila hiki kiwango cha mtoto ni kikubwa. Kimezidi hata cha kwako. Vumbi la nguo peke yake sidhani. Kuna kitu anakula au anakunywa yeye ambacho ninyi hamli. Fikirini."

Mimi nilifikiria udongo. Wifi akafikiria rangi ya ukutani. Tukaanza kubishana udongo na rangi, na Meno yupo katikati yetu. Nilipomtazama midomo yake ilikuwa imekuwa ya kijivu.

"Jagi," akasema.

Wifi bado alikuwa kwenye rangi yake.

"Jagi la mama. Kitako nilikiziba kwa risasi. Maziwa yanashinda mle tangu asubuhi." Akamgeukia daktari. "Na nilipoona anaumwa nikamwongezea."

Daktari aliweka kalamu chini. Nilitaka aseme siyo, nilimtazama nikimwomba kwa macho aseme siyo jagi. Akasema tu, taratibu, "Asinywe tena kwenye jagi hilo."

Meno akatoka. Nilimfuata baada ya muda nikamkuta kwenye bomba la nje, pale watu wanapofulia nguo za wagonjwa, ameinama anajisugua mdomo kwa sabuni ya kipande, fizi zinatoka damu, povu jekundu linamshuka kidevuni. Nikamshika mikono. Akanisukuma, akarudi kusugua. Nikamshika tena. Tukapigana pale bombani, mimi na mdogo wangu, watu wazima, hadi akachoka akakaa kwenye maji. Akalia. Na mimi nikalia, nikamtukana, nikalia. Mficha maradhi kifo humuumbua, ndivyo wanavyosema, lakini kifo hakikumtaka yeye. Kilipita mlango wake kikaenda kwa asiyeficha kitu.

Mtoto hakufa. Walimpa dawa ya kuivuta risasi kutoka kwenye damu, sindano juu ya sindano, na degedege likakoma. Siku ya kutoka daktari alituambia ukweli. Iliyopo kwenye damu dawa imeitoa. Iliyokwisha kufanya kazi yake kichwani, hawezi kuahidi. Huenda maneno yakarudi, huenda yasirudi. Mngojeni, akasema.

Tukamngoja. Baba yake alianza kuoga hadi ngozi ikapauka. Gereji wakamwachisha maana mkono haukushika bomba tena, akapata kazi ya kulinda geti la ghala, na kila jioni alikaa na mtoto kwenye mkeka, mbele yao kijiko, sufuria, kiatu, beseni. "Hiki kijiko. Sema kijiko." Mtu yule ambaye alikuwa hana subira ya kungojea chai ipoe. "Kijiko, mama. Ki-ji-ko." Kasuku alikichukua kijiko akakizungushazungusha, akacheka, akakitupa. Baba yake akakifuata kwa magoti. Kesho tena. Wifi yangu alikuwa hawezi kutazama, anaingia ndani anapiga pasi nguo zilizokwisha kupigwa pasi.

Mimi nilikwenda gereji. Niliwakuta wote wamekaa kwenye matairi saa ya mapumziko, nikawaambia kila kitu, mstari wa fizi, jagi, kichwa cha mtoto, alichosema daktari juu ya maziwa. Walisikiliza vizuri. Wengine walitikisa kichwa. Aliyechukua kibanda cha Meno alikuwa anasikiliza na fimbo ipo mdomoni. Fundi mkuu akasema, "Pole sana, dada. Hilo jagi ndilo lililomponza. La kwetu sisi ni la plastiki." Kisha akalinyanyua lenyewe, limejaa maziwa, akalipitisha kwa mwenzake. Lo! Nikampokonya, nikamwaga maziwa yote chini, mbele yao, nikawaambia maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa. Walinishika mkono kwa upole wakanitoa hadi nje ya geti. Walidhani nimechanganyikiwa kwa huzuni.

Umri wa shule ulipofika tulimpeleka. Baba yake alimvalisha mwenyewe, akamfunga viatu, akampaka mafuta miguu hadi ikameremeta. Tulikaa kwenye foleni na wazazi wengine. Mbele yetu watoto walikuwa wanaitwa mmoja mmoja mbele ya meza ya mwalimu, wanaulizwa maswali mawili matatu, wanajibu kwa kelele, watu wanacheka. Zamu yetu ikafika. Mwalimu alikuwa mama mwenye uso mzuri. Akaegemea mbele akamshika Kasuku mkono.

"Hujambo? Unaitwa nani, mama?"

Kasuku akatabasamu. Akautazama mdomo wa mwalimu.

"Jina lako nani?"

Nikamtazama mdogo wangu. Alikuwa amemfundisha jina hilo kila siku ya Mungu, kwenye mkeka, bafuni, barabarani. Alikuwa anamchezeshea midomo yake mwenyewe, bila sauti, amsaidie. Mtoto alikuwa haangalii upande wake.

"Anaitwa—" nikaanza.

"Mwache, dada, ajibu mwenyewe," mwalimu akasema.

Tukamwacha. Mwalimu akangoja kwa heshima, akangoja zaidi ya alivyowangojea wengine, kisha akaachia ule mkono pole pole, akatuambia kuna shule yao, ya watoto kama hawa, iko mbali kidogo, atatuelekeza. Akamwita anayefuata.

Nje ya geti Meno alisimama. Nilimwambia, "Hukujua, ndugu yangu. Kila mtu anajua kwamba hukujua."

"Dada," akasema, "mtoto huyu alikuwa anabagua kila kitu. Chakula anakinusa. Dawa anatema. Hata wewe ukimpa kitu anakitazama kwanza." Alikuwa anamfunga binti yake kamba ya kiatu iliyolegea, kwa mkono mmoja, na ilikuwa inamshinda. "Kwangu mimi hakuwahi kutazama. Alifungua mdomo tu."

Nikainama nikamfunga mimi ile kamba.